Umegonga, umegongwa, boti imezama: hiyo bima inamlinda nani hasa?

Ajali ikitokea huku kwetu, hata kabla magari hayajatolewa barabarani utasikia mtu kwenye ule umati akisema "wacha waongee, si gari iko na bima". Na ikiwa ni ziwani, boti imepinduka huko upande wa Rusinga, watu wakishahesabu waliofika salama swali linakuja hivyo hivyo, ilikuwa na bima? Bima ikishatajwa watu wanatulia, ni kana kwamba mambo yameisha. Mimi nafanya kazi kwa ajenti wa bima hapa Kisumu mjini, ofisi ndogo ya juu, ngazi za chuma, na kazi yangu kubwa ni kukaa na watu ambao wameshagongwa au wameshagonga na wamekuja na bahasha ya makaratasi wakidhani kilichobaki ni kuhesabu pesa tu. Kitu cha kwanza huwa nawauliza ni hiki: hii bima yako ilinunuliwa kumlinda nani? Wengine hukasirika, wanaona nawazungusha. Lakini hilo ndilo swali lenyewe, maana jibu la barabarani na jibu la majini haziko sawa hata kidogo, na wengi wanakuja kujua hivyo gari ikiwa tayari iko yadi ya polisi.

Tuanze na barabara. Sheria inayokulazimisha ubandike ile stika ni Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na ukiisoma (mimi nimeisoma, ni kazi) utaona kitu kimoja cha ajabu, haikuzungumzii wewe mwenye gari. Haijali bampa yako, haijali taa, haijali mkopo wa sacco ulionunulia hiyo Fielder. Inamfikiria yule uliyemgonga. Ukitaka kuelewa kwa nini, fikiria Londiani Junction tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia likawaingilia watu waliokuwa wanauza vitu vyao kando ya barabara na magari yaliyokuwa yamesimama pale, zaidi ya watu 50 wakafa. Yule mama wa viazi hakuwa na gari, hakuwa na leseni, hakuwahi kuingia ofisi ya bima maishani mwake, hana mkataba na mtu. Thadipati, yaani bima ya mtu wa tatu, iliwekwa kwa ajili yake. Kwa hiyo ukinunua thadipati umenunua kitu cha mtu mwingine, wewe unachopata ni kutopelekwa kortini peke yako na kutokamatwa na trafiki pale Mamboleo.

Sasa mtu ananunua thadipati halafu anagonga mti. Anakuja. Namwambia pole sana, hakuna kitu. "Yaani hata kioo?" Hata kioo. Mti hauna klemu, mti haudai malipo.

Na hata huyo mtu wa tatu, bima haimlipi bila kikomo. Sheria inasema kwa dai la mtu mmoja aliyeumia au kufa, kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3. Korti ikiamua aliyevunjika uti wa mgongo apewe milioni 5, zile 2 za juu zinakutafuta wewe, na auctioneer akija hatamuuliza mtu wa bima anaishi wapi. Hapa ndio huwa nashangaa watu wanavyopigania bei ya thadipati mia mbili chini mia mbili juu, lakini hakuna anayeuliza kikomo ni ngapi au mali ya mtu wa tatu, ile Prado uliyoibomoa mlango, inalipwa mpaka wapi. Ile sheria inalazimisha kifo na majeraha tu. Mali ya mtu mwingine ni kampuni inaongeza yenyewe kwenye mkataba, na kila kampuni na kiwango chake, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwa mdomo, tafuta hiyo laini kwenye karatasi.

Kuna lingine watu hawapendi kulisikia. Rafiki uliyempa lifti kutoka Nakuru, amekaa mbele, mnacheka, mnapita Salgaa, mnagonga. Huyo rafiki sheria haikukulazimisha kumkatia bima. Abiria wanaolazimishwa ni wale wa gari la kulipisha, matatu, basi, teksi, tuktuk, na ndio maana kwenye bima ya PSV kuna malipo ya kila kiti. Gari ya kibinafsi, abiria wanaingia tu ikiwa mkataba wenyewe umewataja. Na mfanyakazi wako, yaani turnboy, konda, dereva uliyemwajiri, huyo akiumia kazini njia yake ni ile sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 ambayo kila mtu anaiita WIBA, ambayo ni bima nyingine kabisa na nyinyi wenye malori mnajua hamjainunua.

Lakini nisiiponde thadipati yote. Kuna mahali inafanya kazi kuliko watu wanavyofikiri. Dereva wako akiwa amekunywa, au gari ilikuwa na breki mbovu, au imebeba watu kupita kiasi, kampuni inaweza kukukatalia wewe kila kitu, lakini yule aliyegongwa mara nyingi bado inalazimika kumlipa, halafu ndio inakugeukia wewe ikidai pesa yake. Mtu akiniambia "bima imekataa kwa sababu dereva alikuwa mlevi kwa hiyo aliyeumia hapati kitu" huwa namwambia aende kwa wakili kwanza kabla hajakata tamaa, na asikae nayo, kwa sababu kesi ya namna hii ina miaka 3 tangu siku ya ajali na miaka 3 hospitalini inaisha haraka.

Haya, komprehensivu. Hii ndio ya kukulinda wewe, na hapa ndio vita vyote viko.

Gari ya shilingi 900,000, tuseme umekatiwa kwa asilimia 4, hiyo ni 36,000, halafu kuna ushuru wa mafunzo asilimia 0.2 na ule wa mfuko wa kulipa wenye bima asilimia 0.25, jumla 162, na stempu ya bob 40. Unalipa 36,202. Umelipa, umepata stika kwenye simu siku hizi ni ya kidijitali, umeenda zako. Kitu ambacho hukusoma ni eksesi. Hiyo ni ile sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe kabla kampuni haijatoa yake, na mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari na kuna kiwango cha chini ambacho haishuki chini yake. Kwa hiyo gari yako ya 900,000 ikikwaruzwa na boda pale Kibuye, rangi na mlango garaji wanasema 20,000, eksesi yako ni 22,500, kampuni haikulipi hata senti na si kwamba wanakuibia, mlikubaliana. Dereva akiwa na leseni haijafika mwaka au akiwa kijana wa chini ya miaka 21 eksesi inapanda zaidi. Gari ikiibwa na haikuwa na kifaa cha kuzuia wizi inapanda tena. Unaweza kununua nyongeza ya kufuta eksesi, na ukiniuliza mimi hiyo nyongeza ndiyo ya kwanza kununua kama unaendesha ndani ya mji, zile zingine za gari la kukodi wakati lako liko garaji zinaweza kungoja.

Nyongeza nyingine ambayo mtu wa Kisumu hafai kuambiwa mara mbili ni ile ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Sisi tunajua. Maandamano yakianza, Kondele inafungwa, mawe yanaanza kuruka, na gari yako imekwama katikati na wewe si wa chama chochote. Kwa kawaida komprehensivu ya kawaida haigusi hiyo mpaka uwe umeongeza na umelipia. Wiki za maandamano simu ya ofisi haitulii, watu wanataka kuongeza siku hiyo hiyo, na kampuni si wajinga. Vioo pia viangalie, vina kikomo chao, mara nyingi elfu 30 au 50, na ile Mercedes ya mjomba kioo chake cha mbele hakijui elfu 30 ni nini.

Thamani ndio inaumiza watu zaidi. Mtu anataka kulipa kidogo, gari yake ni ya milioni 1 anaandikisha 600,000. Anafikiri amewashinda. Sasa ajali ndogo inakuja, uharibifu ni 200,000, anasema sawa, mimi nimekata ya 600,000 na hii ni 200,000 tu, iko ndani. Hapana. Umekata asilimia 60 ya gari, kwa hiyo kampuni inabeba asilimia 60 ya hasara, ni 120,000, toa eksesi ya 15,000, unapata 105,000, hizo zingine 95,000 utajua wewe na fundi. Na ukifanya kinyume chake, gari ya 600,000 uiandikishe milioni 1 ili siku ikichomeka ufaidi, hulipwi milioni, unalipwa bei ya soko ya siku ya ajali, ulikuwa unalipa premiamu ya bure. Ndio maana mthamini anatumwa aangalie gari mwanzoni. Nenda, hata kama ni foleni, nenda.

Halafu matumizi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku Nyanza na Western ndipo klemu nyingi zinafia.

Kuna kijana alikuja na Probox, komprehensivu ya kibinafsi, karatasi zote safi, abstrakti ya polisi (ile karatasi ya kuonyesha ajali imeripotiwa) iko, leseni iko, amelipa bila kuchelewa. Iligongana na lori la miwa njia ya Busia, upande mzima wa kushoto umeingia ndani. Kwenye fomu ya klemu kuna mahali panauliza gari ilikuwa inatumika kwa nini wakati wa ajali, yeye ameandika "kutembelea jamaa". Vizuri. Asesa, yule anayetumwa na kampuni kukagua uharibifu, akaenda yadi. Mimi nilienda naye siku hiyo kupeleka barua nyingine. Huyo asesa hakuuliza mtu swali hata moja, alizunguka gari, akafungua mlango wa upande usioumia, akainama. Ule ubao wa sambaza, wa kukalisha abiria wa ziada, ulikuwa bado uko kati ya viti, umefunikwa na kipande cha zulia na umelainika kwa kukaliwa. Juu kwenye kerieri kamba zilikuwa bado zimefungwa na magamba ya omena yamekauka kwenye chuma. Kwenye kiti cha nyuma, sarafu za bob 20 zimejipenyeza kwenye mshono. Akapiga picha nne tano, akaandika, akafunga mlango polepole. Barua ya kukataa ilifika baada ya muda, sababu, gari ya kibinafsi ilikuwa inabeba abiria kwa malipo. Na huwezi kubishana nayo. Hatari ya gari inayopiga Kisumu Busia mara nne kwa siku na watu tisa ndani si hatari ya gari inayoenda kanisani, na bei iliyolipwa ilikuwa ya kanisani.

Nimewahi kusikia watu wakisema hizo ni njama za kampuni. Wakati mwingine ndiyo, kuna kampuni zinatafuta sababu, nitafika huko. Lakini kesi ya sambaza si njama.

Vivyo hivyo pikapu ya shamba inayobeba watu wa matanga nyuma. Vivyo hivyo gari uliyonunua kwa mtu Nakuru ukaendelea kutembea na bima yake na logibuku jina lake, bima haifuati gari kwa mnunuzi, inabaki na yule mtu wa kwanza ambaye sasa hana gari, na wewe una gari huna bima. Badilisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kisha ukate yako. Na kama gari iko kwa mkopo wa benki ujue ikiandikwa haifai kutengenezwa tena, hundi inapita kwa benki kwanza, kinachobaki ndio chako, na miezi mingine hakibaki kitu.

Tukiwa bado njia ya Busia, mkivuka kwenda Uganda ile stika ya Kenya inaishia Kenya. Mnanunua kadi ya njano ya COMESA, na hiyo inalinda nani? Tena ni yule mtu wa tatu, huko Uganda, pamoja na matibabu ya dharura ya walio ndani. Gari lenyewe ukiligonga Jinja ni lako, mpaka kampuni iwe imekuongezea mipaka kwenye komprehensivu kwa maandishi kabla hujatoka.

Ajali yenyewe ikitokea, mambo ni machache na watu wanayajua lakini siku hiyo yanawatoka kichwani. Saidia walioumia. Piga picha kabla gari halijasogezwa, piga na barabara, alama za tairi, nambari za magari, stika ya mwenzako. Chukua majina na namba za mashahidi maana wale hamsini wanaopiga kelele kwenye eneo la ajali, siku ya korti wote wamesafiri. Ripoti polisi upate abstrakti, aliyeumia ajaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha. Ripoti kwa bima siku hiyo au kesho yake, usingoje mpaka garaji ikupe hesabu. Na usitengeneze gari kabla asesa hajaiona, hata kama fundi ni binamu yako na ameshaanza kugonga nyundo.

Halafu kuna kile kitu sisi Wakenya tunakipenda, kuongea kando ya barabara. "Boss ni makosa yangu, nitakulipa, tusihusishe polisi." Unasaini kwenye kipande cha daftari. Karibu kila mkataba wa bima unasema usikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua, kwa sababu wao ndio watakaolipa na wao ndio wana haki ya kukutetea, au hata wakishakulipa wewe wamgeukie yule aliyekugonga warudishiwe pesa yao. Ukishasaini umewafunga mikono. Sisemi uwe mkorofi, mtu ameumia msaidie, mwambie pole, mpeleke hospitali. Kusaidia si kusaini.

Sasa twende majini, na hapa ndio yale niliyosema mwanzo yanageuka juu chini.

Ile Sura ya 405 inazungumzia magari barabarani. Haishuki ziwani. Huwezi kwenda Usenge au Dunga ukatafuta stika ya thadipati kwenye boti ya mbao. Kuna Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, wao wanakagua boti, wanataka maboya, majaketi ya kuokolea, wanataka usipite idadi ya watu uliyoruhusiwa, hayo ni mambo ya usalama na ya leseni. Lakini ile bima mtu wa kawaida anaita bima ya boti ni ya kulinda boti. Mbao zako, fiba yako, injini yako. Yaani barabarani sheria inaanza na yule uliyemgonga na gari lako ni hiari, ziwani mkataba unaanza na chombo na binadamu ndio nyongeza. Mwenye boti ya abiria kutoka Luanda Kotieno anaweza kukuonyesha bima halali kabisa, haijaisha, na isiwe na hata laini moja inayotaja abiria. Anayepanda hajui. Mara nyingi hata mwenye boti hajui, maana ametoka kwenye matatu akaingia kwenye boti na anafikiri ni kitu kimoja. Wale wa Lake Naivasha wanaozungusha watalii waangalie viboko, wengi wameamka juu ya hili kwa sababu mtalii anauliza. Mtu wetu anayevuka kwenda Mfangano na magunia ya mahindi hauliziwi na mtu.

Kwa hiyo ukiwa na boti uliza mambo matatu yakiwa kila moja kwa jina lake: dhima (yaani wajibu wako wa kulipa) kwa abiria, dhima kwa chombo kingine ukikigonga, na ajali binafsi kwa wale vijana wako wa kazi. Usikubali neno "kila kitu".

Bima yenyewe ya chombo inalipa nini? Inalipa zile hatari za majini, dhoruba, kuzama, kugonga mwamba au kukwama, kugongana, moto. Hailipi uchakavu. Mbao imeoza chini, maji yakaingia ikiwa imefungwa ufuoni siku tulivu, hiyo si hatari ya majini, hiyo ni umri. Na kuna kitu kinaitwa kufaa kusafiri, kiko kwenye Sheria ya Bima ya Bahari, Sura ya 390, ambayo ilifuata ile ya Uingereza ya 1906: ukituma chombo majini na wewe mwenyewe unajua hakifai, hasara ikitokana na huo ubovu, kampuni haiko. Angalia hapo kwenye "unajua". Nahodha akiificha nyufa bila wewe kujua ni habari nyingine. Lakini kama fundi wa boti amekutumia meseji na picha ya ufa halafu ukamjibu "itaenda tu", hiyo meseji itasomwa.

Injini ndio moyo wa mambo. Shemeji yangu ana boti mbili upande wa Mbita na injini ya Yamaha ya farasi 15, na atakwambia boti unaweza kutengeneza tena kwa mbao na misumari, injini ikienda umemalizika. Injini zinaibwa sana ziwani, usiku, pamoja na nyavu. Sasa masharti ya kawaida ya bima ya vyombo vidogo yanasema hivi, injini ya kuning'inia ikiibwa inalipwa ikiwa ilikuwa imefungwa na kifaa cha kuzuia wizi juu ya zile skrubu zake za kawaida. Skrubu peke yake haitoshi. Na kuna lingine dogo sana lililofichwa huko ndani ambalo lilimfanya shemeji acheke kwa hasira: injini ikilegea ikaanguka majini yenyewe, hailipwi. Ikiibwa na kufuli ikavunjwa, sawa, ikizama na boti kwenye dhoruba, sawa, ikidondoka tu kwa sababu kijana hakukaza, ni yako na samaki. Alinunua mnyororo na kufuli siku hiyo hiyo na siku hizi injini analala nayo nyumbani.

Magugumaji je? Yakizuia maji ya kupoza injini ikaungua, mara nyingi watasema ni hitilafu ya mtambo, si ajali. Nyavu na taa za omena haziko ndani ya chombo mpaka uziorodheshe. Na mipaka, hii ni ya wavuvi: Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na mbuta hajui mpaka uko wapi. Mkataba ukisema maji ya Kenya na boti ikapatikana huko upande wa pili wa Migingo, utaulizwa ilikuwa inafanya nini huko hata kabla hujaulizwa ilizamaje.

Kwenye mambo mawili lakini, bima ya boti inamshinda ndugu yake wa barabarani. La kwanza, thamani mara nyingi inakubaliwa mwanzoni, mkiandika chombo ni 400,000 na kikapotea chote, ni hiyo 400,000, hakuna kuanza kubishana bei ya soko ya siku ya ajali kama kwenye gari, ila kama kulikuwa na udanganyifu. La pili ni gharama za kuokoa. Boti imepinduka, umekodi boti nyingine, umelipa vijana wazamie, umenunua mafuta, umeivuta mpaka ufuoni ili isivunjike kwenye miamba, hiyo pesa uliyotumia kupunguza hasara unaweza kuidai. Wewe una wajibu wa kuokoa kana kwamba huna bima kabisa, na kampuni ina wajibu wa kukurudishia kilicho cha haki. Wavuvi wengi hawadai kwa sababu hawakuandika popote. Chukua karatasi, andika nani alilipwa, kiasi gani, saini au kidole, picha ya risiti ya petroli. Hapo utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Na boti yako ikiwa juu ya trela inavutwa na gari kwenda Kisumu, trela ikachomoka ikagonga mtu, hapo bima ya gari inaweza kusimama kwa huyo mtu, lakini boti iliyo juu ni mzigo na bima ya gari haina habari nayo. Uliza bima ya boti kama inafika nchi kavu.

Sasa kampuni ikikataa. Niseme ukweli, kuna zinazokataa kihalali kama ile Probox na kuna zinazokuzungusha mpaka uchoke. Omba sababu kwa maandishi na sharti gani la mkataba wanalotumia, kwa namba yake. Ukiambiwa kwa simu tu, hujakataliwa bado, unachoshwa. Sheria ya bima inataka klemu ilipwe ndani ya siku 90 tangu iripotiwe, na Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, inapokea malalamiko bure, huhitaji wakili kuandika barua, mimi nimeshasaidia watu kuandika kwa Kiswahili hivi hivi. Kampuni ikifa kabisa kama zilivyowekwa chini ya usimamizi United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, kuna ule Mfuko wa kulipa wenye bima, ile asilimia 0.25 unayokatwa ndiyo kazi yake, ila nao una kikomo na si kikubwa, kwa hiyo kabla hujanunua kwa sababu ni rahisi angalia kama kampuni iko kwenye orodha ya mwaka huu ya IRA.

Bei rahisi sana ya thadipati ya mwezi inayouzwa na kijana kwenye stendi, nitumie namba ya stika, nitakuangalizia kama iko kwenye mfumo. Wiki iliyopita nimeangalia kadhaa na si zote zilikuwepo.